Kubadili Gia Bila Klachi: Je, Kifaa cha Kukata Cheche Kina Faida kwa Pikipiki ya Barabarani?

Pikipiki yenye giaboksi ya kawaida humdai mwendeshaji wake vitendo vitatu kila anapopanda gia: kurudisha mshiko wa mafuta kwa mkono wa kulia, kuvuta klachi kwa mkono wa kushoto, na kuinua wenzo wa gia kwa ncha ya mguu. Kwa mtu mwenye mazoea vitendo hivyo huchukua kiasi cha theluthi moja ya sekunde, na katika muda huo injini haisukumi gurudumu hata kidogo. Wahandisi wa pikipiki za mashindano walishughulika kwa miaka mingi kuufupisha muda huo. Kifaa walichokipata, ambacho mafundi hukiita kwikishifta, sasa kinauzwa madukani hata kwa mwenye pikipiki ya kwendea kazini.

Swali linaloulizwa na wanunuzi wengi ni kama inafaa kukiongeza katika pikipiki ya kadiri, yaani ile ambayo si ndogo kama ya bodaboda wala si kubwa kama ya mashindano. Jibu halipatikani kwa kusoma sifa zilizopigwa chapa juu ya boksi. Sharti kwanza ijulikane ni nini hasa kinachotendeka ndani ya giaboksi gia inapobadilishwa. Ili hesabu ziwe za kweli na si za kubuni, mfano utakaotumika hapa ni Yamaha MT-07, pikipiki ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita 689, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014 na ambayo inajulikana sana katika daraja hili.

Komeo na mlango

Watu wengi hudhani kwamba kubadili gia ni kuyatenga meno ya gurudumu moja na kuyaingiza katika meno ya gurudumu jingine. Sivyo. Katika giaboksi ya pikipiki meno ya jozi zote sita yamekwisha kukamatana tangu kiwandani, nayo huzunguka pamoja wakati wote. Ila katika kila jozi gurudumu moja la meno limeshikamana na shafti yake, na la pili linazunguka huru juu ya shafti yake bila kuipa nguvu yoyote. Kuchagua gia ni kulifunga lile lililo huru. Kazi hiyo hufanywa na vijino vinene vilivyochongwa ubavuni, si ukingoni, mwa magurudumu hayo. Gurudumu la jirani, ambalo linaweza kuteleza juu ya mifereji ya shafti, husukumwa na uma wa chuma mpaka vijino vyake viingie katika nafasi za mwenzake. Mguu wa mwendeshaji haufanyi kazi nyingine ila kuuzungusha mcheduara mdogo wenye mifereji ya mshazari, ambao ndio unaozisogeza nyuma hizo kushoto na kulia.

Sasa na akumbukwe mtu anayetaka kufungua komeo la mlango huku mwenzake akiusukuma mlango kutoka nje. Komeo haliendi, hata likipakwa mafuta. Mara mwenzake anapoacha kusukuma, komeo huteleza kwa kidole kimoja. Vijino vya giaboksi viko katika hali hiyohiyo: maadamu injini inasukuma, vijino vinabanana ubavu kwa ubavu, na msuguano unavizuia visichomoke. Tena katika pikipiki nyingi ubavu wa vijino umechongwa kwa kuinama kidogo kusudi kadiri vinavyosukumana ndivyo vinavyozidi kuvutana, ili gia isitoke yenyewe njiani.

Ukubwa wa kizuizi hicho unaweza kukadiriwa na mwanafunzi wa sekondari. Injini ya MT-07 hutoa nguvu ya kuzungusha ipatayo nyutoni-mita 68. Kabla ya kuingia katika giaboksi nguvu hiyo huzidishwa mara 1.925 na magurudumu ya mwanzo, na katika gia ya kwanza huzidishwa tena mara 2.846. Shafti ya pili kwa hiyo inabeba nyutoni-mita 373 hivi. Ikichukuliwa kwamba vijino viko umbali wa milimita 25 kutoka katikati ya shafti, kani inayovibana ni 373 kugawanya kwa 0.025, yaani karibu nyutoni 14,900. Kipimo cha msuguano wa chuma kilicholainishwa kwa oili kikikadiriwa kuwa 0.1, kani inayohitajika kuvichomoa ni karibu nyutoni 1,490, sawasawa na kuinua mzigo wa kilo 150. Na huo ni msuguano wa vijino peke yake; ule wa mifereji ya shafti haujahesabiwa. Mwenye kulazimisha gia katika hali hiyo atapinda uma kabla ya kuichomoa gia.

Ipo njia moja tu: kuiondoa kani. Klachi huiondoa kwa kuitenga injini na giaboksi. Lakini kurudisha mshiko wa mafuta kwa ghafula nako huiondoa, kwa kuwa injini huacha kusukuma na baadaye kidogo huanza kuzuia. Katikati ya kusukuma na kuzuia kuna nukta ya wakati ambapo vijino havibanwi upande wowote. Waendesha bodaboda wengi wanaijua nukta hiyo kwa masikio na mguu, ijapokuwa hawakufundishwa na mtu: huweka mguu tayari kwenye gia, hulegeza mafuta kidogo, na gia huingia bila klachi kuguswa. Kwikishifta si zaidi ya mashine inayoitafuta nukta hiyohiyo.

Namna kifaa kinavyofanya kazi

Kifaa chenyewe ni kidogo. Kwenye fimbo inayounganisha wenzo wa mguu na giaboksi hufungwa kihisi kinachotambua kwamba fimbo inasukumwa au kuvutwa. Kani ikifikia kiwango kilichowekwa, kihisi hupeleka habari kwa kompyuta ndogo ya injini, au kwa kisanduku kilichochomekwa katikati ya waya zake, na hapo cheche za plagi au petroli ya nozeli hukatwa kwa muda mfupi mno. Muda huo aghalabu ni kati ya sekunde 0.05 na sekunde 0.08. Mshiko wa mafuta hubaki umefunguliwa, klachi haiguswi. Injini inapozimika kwa muda huo vijino hulegea, mguu ambao ulikuwa umekwisha kusukuma huchomoa gia ya zamani na kuingiza mpya, kisha cheche hurudi.

Kuna tofauti kati ya kukata cheche na kukata petroli ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi. Cheche zikikatwa peke yake, petroli huendelea kuingia katika silinda na kutoka bila kuungua. Ikifika katika bomba la moto huweza kuwaka humo kwa mlio wa bastola. Vijana huupenda mlio huo. Kisafisha moshi kilichomo ndani ya bomba hakiupendi, kwani petroli inayowaka humo hukipasha joto kupita kiasi na kukifupishia maisha. Kukata petroli ni usafi zaidi, lakini matokeo yake huchelewa, maana petroli iliyokwisha kunyunyizwa lazima iungue kwanza.

Hata hivyo kuchomoa gia ni nusu ya kazi. Kasi ya injini nayo sharti ishuke ilingane na gia mpya. Katika MT-07 mwendeshaji anayetoka gia ya kwanza kwenda ya pili wakati injini inazunguka mara 9,000 kwa dakika ataikuta gia ya pili inadai mizunguko 6,720 tu, kwa kuwa uwiano wa gia hushuka kutoka 2.846 hadi 2.125. Tofauti ni mizunguko 2,280. Kutoka gia ya tano (1.091) kwenda ya sita (0.964) tofauti ni mizunguko 1,050 hivi. Injini iliyokatwa cheche hupungua kasi yenyewe, lakini kwa sekunde 0.06 haiwezi kupungua kiasi cha kutosha katika gia za chini. Salio hulipwa na vijino vinapogongana, na mshtuko hupita katika mnyororo hadi kwenye vipande vya mpira vilivyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambavyo viliwekwa humo kwa ajili ya mishtuko ya namna hii. Hii ndiyo sababu kila aliyekitumia kifaa hiki husema kwamba kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili hugonga, na kutoka ya nne kwenda juu huteleza kama siagi.

Faida kwa hesabu

Zichukuliwe pikipiki mbili zinazofanana, zikienda sambamba kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa na kuongeza mwendo kwa mchapuko wa mita 4 kwa sekunde kwa sekunde. Mwendeshaji wa kwanza hubadili gia kwa klachi na kupoteza msukumo kwa sekunde 0.3, wa pili ana kwikishifta na hupoteza sekunde 0.07. Tofauti ni sekunde 0.23. Muda huo ukizidishwa kwa mchapuko hupatikana mita 0.92 kwa sekunde, yaani wa kwanza ametoka katika zoezi hilo akiwa nyuma kwa kilomita 3.3 kwa saa.

Je, hii ina maana kwamba atafika mahali fulani sekunde 0.23 baada ya mwenzake? Wanafunzi wengi watajibu ndiyo, nao watakosea. Na kosa hilo linafaa kuchunguzwa darasani. Atakifikia *kiwango cha kasi* sekunde 0.23 baadaye, lakini *mahali* ni jambo jingine. Sekunde tatu baada ya kubadili gia atakuwa nyuma kwa mita 2.9 hivi, na kwa kuwa wakati huo pikipiki zote mbili zinakwenda karibu mita 28 kwa sekunde, atapita kwenye mti uleule wa barabarani sehemu moja tu ya kumi ya sekunde baada ya mwenzake.

Katika uwanja wa mashindano sehemu ya kumi ya sekunde ni mali. Gia hupandishwa mara nyingi katika kila mzunguko, mizunguko ni mingi, na mshindi huweza kumtangulia wa pili kwa muda mfupi kuliko huo. Barabarani sehemu ya kumi ya sekunde huishia kwenye taa nyekundu ya kwanza.

Mjini

Ila jambo lenye uzito kuliko hesabu hiyo ni kwamba barabarani kifaa hufanya kazi vibaya mahali kinapotumiwa zaidi. Kwa uwiano wa gia na ukubwa wa gurudumu la MT-07, gia ya kwanza peke yake huweza kufikisha pikipiki kilomita 72 kwa saa injini ikizunguka mara 9,000. Sheria za Tanzania na Kenya zinaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi. Mwendeshaji anayetii sheria basi hana haja kabisa ya kuizungusha injini kwa nguvu. Kwa kilomita 50 kwa saa wengi huwa wamekwisha kufika gia ya tatu, na injini inazunguka mara 3,550 tu, mshiko wa mafuta ukiwa umefunguliwa kidogo.

Katika hali hiyo mambo mawili huharibika. La kwanza ni kwamba vijino havikuwa vimebanwa sana tangu mwanzo. Injini inapokatwa hupita ile nukta ya kulegea mara moja na kuanza kuzuia, na vijino hubanwa kwa upande wa pili. Komeo lililokuwa limesukumwa kutoka nje sasa linasukumwa kutoka ndani. Gia hukataa, au huingia kwa mlio unaomfanya mwendeshaji ajiulize kama kitu kimevunjika.

La pili ni idadi ya milipuko. Injini ya silinda mbili ya aina hii hulipuka kwa wastani mara moja katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, sekunde 0.06 ni milipuko tisa. Ikiongezeka au kupungua mmoja haihisiki. Kwa mizunguko 3,000 ni milipuko mitatu tu, tena isiyopishana kwa nafasi sawa, kwa kuwa katika MT-07 mmoja hufuata mwingine baada ya nyuzi 270 na unaofuata baada ya nyuzi 450. Kukosa milipuko miwili au kukosa minne ni tofauti kubwa, na kompyuta haiwezi kukata nusu ya mlipuko. Injini za silinda nne zinasumbuliwa kidogo na jambo hili, kwa kuwa milipuko yake ni mingi maradufu. Ndiyo maana sifa za kwikishifta zilizoandikwa na mwenye pikipiki ya silinda nne zisichukuliwe na mwenye ya silinda mbili bila kupunguzwa.

Vifaa vilivyobuniwa pamoja na pikipiki kiwandani huvumilika zaidi mjini, kwa sababu kompyuta inajua wakati huohuo gia iliyomo, kasi ya injini na kiasi cha mafuta kilichofunguliwa, nayo huchagua muda wa kukata kwa kila hali. Aprilia RS 660 ya mwaka 2020 ilitolewa na kifaa cha namna hiyo tangu mwanzo. Kisanduku cha kuongezwa baadaye mara nyingi kina muda mmoja tu, au muda unaofuata kasi ya injini peke yake.

Kushuka gia

Kushuka ni kinyume cha kupanda. Mwendeshaji anayetoka gia ya tatu kwenda ya pili wakati injini inazunguka mara 5,000 atahitaji mizunguko 6,510 ili mambo yalingane. Hapa kukata cheche hakusaidii chochote. Injini inapaswa kuongezwa kasi kwa kufunguliwa mafuta kidogo na kufungwa tena, jambo ambalo waendeshaji hodari hulifanya kwa mkono. Kompyuta inaweza kulifanya ikiwa tu ndiyo inayofungua milango ya hewa ya injini kwa mota ya umeme. MT-07 zilizotengenezwa kuanzia 2014 hadi 2024 hufungua milango hiyo kwa waya wa chuma unaovutwa na mkono wa mwendeshaji. Mota ililetwa katika toleo la mwaka 2025. Kisanduku cha kawaida kinachofungwa katika pikipiki ya waya, basi, hupandisha gia tu. Kushuka kutabaki kazi ya klachi, na mnunuzi asiyeambiwa hilo dukani atakuja kulijua kwenye mteremko.

Nani anunue

Vifaa vya kuongezwa vyenye sifa nzuri hugharimu dola mia kadhaa za Marekani, bila malipo ya fundi. Mwenye kuvitetea husema huokoa klachi. Hoja hiyo ni dhaifu: klachi huliwa hasa wakati wa kuondoka mahali pikipiki ilipokuwa imesimama, si wakati wa kupanda gia mwendo ukiwa umeshika, na kwikishifta haihusiki na kuondoka. Kwa upande wa pili, madai kwamba huharibu giaboksi nayo hayana uzito ikiwa muda wa kukata umewekwa sawasawa na mguu unasukuma kwa uthabiti hadi mwisho. Hatari iko kwa mwendeshaji mwenye mguu wa kusitasita. Gia iliyoingia nusu hutoka, na kila inapotoka pembe za vijino hulika zikawa mviringo. Zikishakuwa mviringo gia itatoka yenyewe, na dawa yake ni kupasua injini. Vilevile asiyeondoa mguu kwenye wenzo baada ya kubadili anaweza kukiamsha kihisi bila kukusudia, injini ikakata katikati ya kulipita lori.

Kuna watu wawili ambao fedha yao haitapotea. Mmoja ni yule anayeipeleka pikipiki yake katika viwanja vya mbio, ambako mafuta hufunguliwa hadi mwisho na gia hupandishwa karibu na kilele cha mizunguko. Humo kifaa hufanya kazi kama kilivyokusudiwa. Isitoshe, pikipiki iliyolala katika kona haitikiswi na kukatika na kurudi kwa msukumo kwa muda mrefu, na mikono yote miwili hubaki imeshika usukani. Wa pili ni yule anayesafiri masafa marefu katika barabara kuu, mwenye maumivu ya viungo vya mkono wa kushoto. Atapunguziwa kazi, ingawa si yote.

Kwa wengine wote, sehemu kubwa ya faida inapatikana bure. Mwendeshaji akiweka mguu chini ya wenzo kwa kani ndogo, kisha akalegeza mafuta kwa kitambo kifupi kama kupepesa jicho, gia itapanda bila klachi na bila mshtuko. Huhitaji majuma machache ya mazoezi mahali pasipo na magari, kuanzia gia ya tatu kwenda juu, ambako tofauti za mizunguko ni ndogo. Na ikiwa fedha ipo na mtu bado anachagua pikipiki ya kununua, aitazame kwanza mitambo ya kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa sharti kwa pikipiki mpya zote zenye ujazo unaozidi sentimita 125 kuanzia mwaka 2017. Mitambo hiyo ni vigumu mno kuongezwa baadaye. Kwikishifta inaweza kungoja.

Wahandisi wenyewe wameanza kulitazama tatizo kutoka upande mwingine. Tangu mwaka 1958 Honda imekuwa ikitengeneza Super Cub, pikipiki ndogo isiyo na wenzo wa klachi: klachi moja hushika yenyewe injini inapoongeza mizunguko, na nyingine huachishwa na uleule wenzo wa mguu unaobadili gia. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza klachi inayovutwa na mota za umeme kwa amri ya kompyuta, na mwaka uliofuata ikaiweka katika CB650R na CBR650R, ambazo ni pikipiki za kadiri za silinda nne. Wenzo wa klachi umebaki mahali pake kwa anayeutaka. Tofauti na kwikishifta, mtambo huo husaidia pia kuondoka na kusimama, na mjini, kwa mwendo mdogo, huilegeza klachi kidogo gia inapoingia ili vijino visigongane. Lakini umejengwa ndani ya kifuniko cha injini pamoja na kompyuta yake, na mwenye pikipiki ya zamani hawezi kuununua peke yake na kuufunga.